Kompyuta inayojizima na kujiwasha yenyewe: anza ukutani, Windows iache mwisho

Mashine inazima katikati ya kazi, inawaka tena bila kuguswa, na barua ambayo haikuhifadhiwa imekwenda na maji. Ukiipeleka dukani huku Pemba, Chake Chake au Wete, mara nyingi dawa ya kwanza ni kupigwa Windows upya, yaani kufutwa iliyopo na kuwekwa mpya. Inapigwa, inakaa mezani kwa fundi siku mbili tatu bila kisa, unairudisha Konde au Kengeja, na wiki haijesha imeanza tena. Hapana uchawi hapo. Kwa fundi ilikuwa kwenye soketi nyengine, haikuunganishwa na printa, na hapakuwa na mtu anayepiga pasi chumba cha pili.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyumenyume. Kupiga Windows kunabaki nyuma kabisa, na kwa mashine nyingi za huku hutafika huko. Jambo moja tu ufanye kabla ya yote: hamisha mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje. Kila umeme unapokatika ghafla diski ikiwa inaandika, kuna faili linaloweza kuharibika, na hujui litakuwa lipi.

Je, Windows ilijua kwamba inazima?

Kompyuta huzima kwa namna tatu. Ya kwanza, Windows imeagizwa ijiwashe upya, ikatii. Ya pili, Windows imekutana na kosa isiloweza kulivuka, ikaandika maelezo yake, kisha ikajiwasha upya yenyewe. Ya tatu, Windows haikuwa na habari: umeme wa ndani umepotea na kila kitu kimekatika hapo hapo. Kila namna ina watuhumiwa wake, na kuzitenganisha hakuna gharama.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr.msc, kisha fungua Windows Logs na chini yake System. Tafuta saa ile mashine ilipozima. Ukikuta namba 1074, iliagizwa, na jina la programu au mtumiaji aliyeagiza limeandikwa hapo hapo. Ukikuta 1001 yenye neno BugCheck, ni kosa la namna ya pili. Ukikuta 41 ya Kernel-Power na 6008 peke yao, pengine uko kwenye namna ya tatu.

Hiyo 41 inawababaisha wengi. Wanaiona ina alama nyekundu, wanaitafuta mtandaoni, wanadhani ndiyo maradhi yenyewe. Sivyo. Namba 41 huandikwa baada ya mashine kuwaka tena, na inasema neno moja tu: mara iliyopita sikuzimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya kwa mkono wako, itaandikwa. Faida yake iko ndani. Fungua sehemu ya Details uangalie mistari miwili. BugcheckCode ikiwa 0, hapakuwa na kosa lililorekodiwa, na shaka yetu inaelemea umeme au vifaa. Ikiwa ni namba nyengine, rudi kwenye namna ya pili. PowerButtonTimestamp nayo ikiwa si 0, kompyuta inasema kitufe cha kuwashia kilishikiliwa. Kama hakuna aliyekigusa, basi kitufe kimekwama, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo si jambo la ajabu hata kidogo.

Anayeona orodha hii ndefu mno aandike perfmon /rel badala yake. Itatoka chati ya siku kwa siku yenye alama nyekundu pale mashine ilipoanguka. Ndani ya wiki mbili chati hiyo itakuonesha kama inaanguka ovyo au ina saa zake.

Iliagizwa

Hii ni nyepesi. Mara nyingi ni masasisho ya Windows yaliyongoja usiku yakachoka kungoja. Weka saa zako za kazi kwenye mipangilio ya Windows Update. Zinaweza kufika saa 18 kwa siku, na ndani ya muda huo haitajiwasha upya kwa ajili ya masasisho. Ukiona ujumbe kwamba mashine itazima baada ya dakika moja na una kazi mkononi, fungua dirisha la amri uandike shutdown /a, utasimamisha.

Kuna moja inayohitaji jicho. Mashine inazima kila baada ya saa moja, barabara, kama imepangiwa. Angalia Windows yenyewe ni ipi. Toleo la majaribio la Windows Enterprise lina muda wa siku 90. Ukimalizika, mashine huanza kuzimwa kila saa. Ukisikia mashine iliyopigwa Windows miezi michache nyuma imeanza tabia hii, muulize aliyeipiga alitumia faili gani. Hapo hakuna kilichoharibika, kilichokosekana ni leseni, na kupiga toleo lile lile tena ni kununua siku 90 nyengine.

Ilianguka kwa kosa

Kwa kawaida Windows ikipatwa na kosa zito huonesha skrini ya buluu kisha hujiwasha upya upesi, na wewe unachoona ni mmweko tu. Izuie isikimbie. Andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings za Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Safari ijayo skrini itabaki pale mpaka uisome au uipige picha kwa simu. Kwenye Windows 11 zilizosasishwa tangu 2025 skrini hiyo imekuwa nyeusi, kwa hiyo usingoje buluu.

Soma lile neno refu la herufi kubwa. MEMORY_MANAGEMENT inaelekeza kwanza kwenye RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni lalamiko la vifaa: prosesa, umeme wake, au joto. NTFS_FILE_SYSTEM inakutaka utazame diski na nyaya zake. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL kwa kawaida ni draiva, programu ndogo inayoendesha kifaa, na jina la faili linaloandikwa chini yake litakupa fununu kama ni ya kadi ya mtandao, ya printa au ya antivirasi. Ukiona maneno yanabadilika kila mara, leo hili kesho lile, acha kufukuzana na draiva. RAM ndiyo ya kutuhumiwa, na baada yake pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine.

RAM za huku huugua zaidi miguuni kuliko mwilini. Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha zitoe. Meno yake ya dhahabu ukiyaona yamefifia au yana madoa, yasugue taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, uzirudishe mpaka vibanio vilie. Alkoholi ya isopropili inafaa pia. Spiriti ya kupaka mwilini mara nyengine ina mafuta ndani yake, na petroli usiilete karibu kabisa. Baada ya hapo pima kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, usiku kucha, moduli moja moja ikiwa ziko mbili. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Hakuna RAM yenye makosa machache ya kusameheka.

Haikuwa na habari

Hapa ndipo kesi nyingi za Pemba zinapoangukia, na hapa ndipo kupiga Windows kunapokuwa kazi bure.

Anza kwa kuuliza saa. Mashine inayosumbua asubuhi peke yake, ikizima mara mbili tatu kisha ikatulia mpaka jioni, ina unyevu ulioingia usiku au kepasita (vipipa vya kuhifadhi chaji ya umeme) zilizochoka. Inayokwenda vizuri asubuhi na kuanza vituko baada ya adhuhuri, hasa siku za kaskazi, ina joto. Inayozima kuanzia magharibi mpaka saa nne za usiku, na Ramadhani kabla ya futari, itazame kwenye soketi: ndio wakati kila nyumba imewasha kila ilichonacho. Na ile inayozima mtu anapofanya jambo fulani, huyo mtu na hilo jambo ndio ushahidi wako. Mwenye steshenari akikwambia, "Fundi, inazima nikipiga kopi nyingi tu," usimkatishe, muache amalize. Ameshakupa nusu ya jibu.

Kisha fanya jaribio ambalo halina gharama. Washa mashine na uingie BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe inayotangulia Windows, kwa kubonyeza kitufe chake inapowaka: Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo nyingi ni F1, zilizounganishwa na fundi ni Delete. Iache hapo saa nzima. Ndani ya BIOS hakuna Windows, hakuna draiva, hakuna virusi. Ikizima ikiwa humo, Windows imetoka kwenye kesi. Isipozima, umeme bado haujasafishwa jina, kwa sababu mashine iliyokaa BIOS haifanyi kazi nzito. Washa basi kwa flashi yenye Linux, mfumo mwengine usio Windows, fungua video, iache icheze kwenye soketi ile ile na kwa saa zile zile za matatizo. Ikizima na hapo, funga mjadala wa Windows.

Sasa ukutani. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, maana yake wimbi moja linachukua milisekunde 20. Pawasaplai ikiwa nzima na ikibeba mzigo kamili hustahimili ukosefu wa umeme kwa kama milisekunde 16 au 17. Ni mzamiaji mwenye pumzi fupi. Kwa hiyo taa ikipepesa tu, feni ya dari haijajua kitu na televisheni haijashtuka, kompyuta inaweza kuwa imeshazima na kuwaka tena. Mtu anaapa kwamba umeme haukukatika, na kwa macho yake anasema kweli.

Kabla ya kuulaumu umeme wa barabarani, shika ulio wako. Tikisa plagi: ikicheza ndani ya soketi, au uso wa soketi umeungua rangi ya kahawia, badilisha soketi. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni iondoe yote, mashine iende ukutani moja kwa moja. Tazama na waya unaoingia nyuma ya mashine, ule unaofanana na wa birika. Ukilegea pale, kuisogeza meza kunatosha kuizima. Haya yanaonekana madogo, lakini yanatibu mashine nyingi kuliko vipuri vyote vya dukani.

Baadaye pima volti za soketi kwa mita ya fundi. Kupima asubuhi saa tatu wakati tatizo ni la saa mbili usiku hakukusaidii. Pima saa ile ile, na vyombo vimewashwa. Pampu ya maji ikianza na volti zikashuka kutoka 225 hadi 190, umeshampata mtu wako. Tazama pia kibandiko cha pawasaplai. Ikiandikwa 100–240V bila kidude chekundu cha kuchagua, itavumilia umeme mdogo vizuri. Za zamani zenye kidude cha 115/230, zikiwekwa 230, zimetengenezwa kuhimili mpaka volti 180 hivi, na chini ya hapo hazikuahidi kitu. Kidude hicho usikichezee: mashine ikiwekwa 115 na kuchomekwa kwenye umeme wetu itaungua papo hapo, kwa mlio.

Kwenye jengo lenye fezi tatu, ukiona taa za upande mmoja zinafifia huku za upande wa pili zinawaka kupita kiasi, weka kompyuta kando. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea, na inaweza kuunguza kila kitu kilichowashwa. Zima sakiti breka kuu uite fundi wa umeme mwenye leseni. Tatizo likiwa kabla ya mita ya umeme ni kazi ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Likiwa baada ya mita ni lako na fundi wako. Na ukigusa kasha la mashine likakutekenya vidole, huna athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, inayofanya kazi. Pale penye mwamba wa matumbawe na udongo mkavu fimbo ya athi haishiki vizuri, na kuichimbia upya si kazi ya fundi wa kompyuta.

Pemba iliungwa na gridi ya Bara kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Tabia ya kuchomeka kila kitu kwenye stabilaiza ilikuwa na maana enzi hizo, na ingali nayo kwa friji. Kwa kompyuta ni nusu ya dawa. Stabilaiza ya bei rahisi hupandisha na kushusha volti kwa kubadilisha rilei, na kila inapobadilisha husikika "tak", na ile tak ni mkatiko mfupi. Kile kifaa cha kulindia friji nacho hukata umeme wote volti zikishuka, kikangoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kompyuta iliyochomekwa humo itazimwa kwa makusudi kabisa. Na ikiwa BIOS imewekwa iwashe mashine umeme unaporudi, utaikuta imewaka peke yake chumbani na utasingizia majini.

UPS yenye betri iliyokufa

Hii nataka kuikazia, maana naiona kila mahali, skuli, ofisini na kwenye steshenari. UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, iko chini ya meza, taa yake ya kijani inawaka, na mwenyewe ameridhika kwamba analindwa. Betri iliyomo ni ya asidi na risasi, aghlabu ya volti 12 na saa za ampea 7, na umri wake ni miaka mitatu mpaka mitano mahali penye nyuzi joto 25. Kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri hukatika kama nusu. Chumba kisicho na kipoza hewa kwetu hakina nyuzi 25 mwezi wa Januari.

Betri ikishakufa, UPS haibaki kuwa kasha lisilo na faida, inakuwa adui. Umeme ukitikisika kidogo, mtikisiko ambao pawasaplai peke yake ingeuvuka, UPS inakimbilia kwenye betri, inakuta hakuna kitu, inaanguka, na kompyuta inaanguka nayo. Kwa hiyo usishangae mashine yenye UPS ikazima mara nyingi kuliko ya jirani isiyo nayo.

Kuijua ni rahisi. Hifadhi kazi, zima kompyuta, chomeka taa ya mezani kwenye UPS badala yake, kisha chomoa UPS ukutani. Taa ikizimika au ikififia ndani ya sekunde chache, badilisha betri. UPS nzima huna haja ya kuitupa. Betri mpya itazame tarehe kwanza, kwani iliyokaa dukani miaka miwili bila kuchajiwa inaweza kuwa imeshakwenda. Unaponunua UPS nyengine, uliza yenye kurekebisha volti ndani yake, ambayo haikimbilii betri kila umeme unapopungua.

Na printa ya leza isiwe kwenye UPS. UPS ya 650 VA hutoa wati 360 hadi 390 hivi. Printa ya leza au mashine ya kopi inapopasha moto roli yake inaweza kuvuta karibu wati 1,000 kwa muda mfupi, tena inarudia kila ikipoa. Hapo ndipo lilipo jibu la yule mwenye kopi nyingi: printa kwenye soketi yake ukutani, ikiwezekana ya waya mwengine, na kompyuta peke yake kwenye UPS. Nimeona steshenari zikinunua pawasaplai mpya, RAM mpya, na mwisho kompyuta mpya, kabla mtu hajainama chini ya meza.

Ukishafungua kasha

Ikiwa ukutani kuko salama, fungua upande wa kasha. Huku utakuta vumbi lisilopeperuka. Chumvi ya bahari huvuta unyevu, ikichanganyika na vumbi inakuwa utando unaong'ang'ania, na siku za masika utando huo unaweza kupitisha umeme pasipotakiwa. Mashine iliyokaa Mkoani karibu na gati au Wete upande wa bandari huwa hivi mapema kuliko ya ndani. Mende nao wanapenda joto la pawasaplai, na mjusi aliyekatiza mahali pabaya huacha mzoga na mashine iliyokufa pamoja.

Itoe nje ya chumba uisafishe kwa brashi laini na blowa kavu, huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Usiipeleke kwa fundi wa pancha kupulizwa. Upepo wa kompresa unatoka na matone ya maji na nguvu ya kung'oa vitu, na nina hakika bodi kadhaa zimekufa siku ile zilipokwenda kusafishwa.

Ukimaliza vumbi, zungusha macho kwenye kepasita, yale mapipa madogo yanayosimama kuzunguka prosesa. Juu yanapaswa kuwa bapa. Yaliyovimba au kutoa ute wa kahawia yamekufa. Bodi nyingi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 zilifungwa kepasita mbovu, na baadhi ya mashine hizo bado zinafanya kazi kwenye maabara za skuli. Fundi mwenye pini ya kuchomelea na subira anaweza kuzibadilisha, ila ulinganishe bei yake na ya mashine nzima iliyotumika.

Pawasaplai isikushawishi kuifungua. Ndani yake kuna kepasita zenye volti zaidi ya 300 za mkondo mmoja, na hubaki na chaji hata waya ukishachomolewa. Ipime kwa kubadilisha: azima nzima, funga, kaa nayo siku kadhaa. Mita itakuonesha kama mstari wa volti 12 uko kati ya 11.4 na 12.6, na wa volti 5 uko kati ya 4.75 na 5.25, lakini mita ya kawaida ni pole mno kuona mporomoko wa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo kipimo kizuri hakiitoi hatiani. Mashine nyembamba za maofisini zinazoingia kupitia Dubai zina pawasaplai ya umbo lake, mara nyingi ya wati 240 hivi. Pawasaplai ya kawaida haiingii humo, itabidi utafute yenye namba ile ile ya kibandiko. Na aliyeongeza kadi ya picha kwa ajili ya michezo kwenye mashine ya wati 240 asitafute mchawi mwengine.

Joto lina dalili yake ya mapema: mashine hupunguza mwendo na feni hulia kabla ya kuzima. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa, uangalie prosesa. Ikipanda kuelekea nyuzi 95 au 100 ukifanya kazi, safisha feni, toa kipoza joto, futa krimu ya zamani iliyokauka, upake krimu mpya ya joto kiasi cha punje ya mchele.

Kitufe tumeshakitaja. Kuthibitisha, chomoa kile kiunganishi chembamba cha pini mbili kinachotoka kitufe cha mbele kwenda kwenye bodi mara tu mashine inapomaliza kuwaka, na kile cha kitufe cha kuanzisha upya kama kipo. Ikitulia siku mbili, badilisha kitufe.

Mashine isiyofika hata kwenye Windows, inayowaka na kuzima mfululizo, isome kwa mahali inapokatikia. Ikikatika kabla ya nembo ya kampuni, ni vifaa: acha RAM moja, ondoa kadi na diski zote, ujaribu. Ikikatika baada ya vidoti kuanza kuzunguka, huenda ni faili za kuwashia au sasisho lililokwama. Ondoa sasisho la mwisho kupitia menyu ya kurekebisha. Mwezi wa Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, programu ya ulinzi, liliangusha kwa mtindo huo kompyuta zinazokisiwa milioni 8.5 duniani, na vifaa vyake vyote vilikuwa vizima.

Kama BIOS imekaa, Linux imekaa kutwa nzima kwenye soketi ile ile, na MemTest86 haikuona kosa, hapo sasa Windows inastahili kuguswa. Andika sfc /scannow kwanza, ondoa draiva za karibuni, jaribu kurejesha hali ya tarehe iliyopita. Ikishindikana, piga upya. Kumbuka Windows 10 iliacha kuungwa mkono tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mitumba hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo amua mapema utapiga nini.

Kwa laptop, njia ni fupi zaidi. Iendeshe kwa betri tu, kisha kwa chaja tu kama betri inatoka. Ikitulia kwa betri na kuzima ukichomeka chaja, tatizo ni chaja au tundu lake. Linganisha wati, kwani chaja ya 45 kwenye laptop inayodai 65 itaiwasha vizuri na kuiangusha kazi ikizidi. Ikizima ukiinyanyua au ukifungua kifuniko, kuna kitu kimelegea ndani. Na kama pedi ya kuchezeshea kipanya (touchpad) imeinuka au kifuniko cha chini hakifungi, betri imevimba: zima, usiichaje tena, usiitoboe, itolewe na fundi anayejua kabla ya jambo lolote jengine.